Nyota ya nyutroni: kama hakuna kinachowaka, eksirei zinatoka wapi?

Mlezi_Klabu_Malindi
Salaam aleikum wanajukwaa. Klabu yetu ya sayansi inaandaa bango kuhusu Uhuru, setilaiti iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, pwani ya Kenya, tarehe 12 Desemba 1970. Iliona nyota za nyutroni kwa eksirei zake. Wanafunzi wamekwama hapa: hayo ni mabaki ya nyota iliyomaliza fueli. Eksirei zatoka wapi? Na nyota inageukaje kuwa nyutroni tupu, yaani zile chembe za ndani ya atomu zisizo na chaji?

Kaskazi
Wa aleikum salaam. Anzeni na chuma, maana hapo ndipo mambo yanapoharibika. Nyota yenye uzito wa Jua mara 8 au zaidi huunganisha hidrojeni kuwa heli, heli kuwa kaboni, na kuendelea hadi silikoni, ambayo huisha kwa siku moja hivi. Kila hatua hutoa joto, na msukumo wa joto hilo huizuia nyota isijiporomokee. Silikoni ikishageuka chuma, basi: kuunganisha chuma hakutoi nishati, kunaila.

Kiini cha chuma huzidi kukua. Kikikaribia uzito wa Jua mara 1.4, elektroni zilizokuwa zikikihimili hushindwa, nacho huporomoka kwa chini ya sekunde moja. Elektroni hushindiliwa ndani ya protoni. Kila jozi hutoa nyutroni moja na nyutrino moja, chembe nyepesi mno inayopenya karibu kila kitu. Nyutrino hutoroka na takriban asilimia 99 ya nishati yote. Mwaka 1987, nyota ilipolipuka katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, mtambo wa Kamiokande huko Japani ulizinasa saa kadhaa kabla mlipuko wenyewe haujaonekana.

Kinachobaki kina kipenyo cha kilomita 24 hivi. Hakifiki Malindi hadi Ngomeni. Hakiporomoki tena kwa sababu nyutroni hazikubali kukaa mbili katika hali moja, na zikikaribiana mno kani ya nyuklia huzisukuma zisigandamane. Uzito ukizidi sana mara 2 ya Jua, hata hilo halitoshi: linakuwa shimo jeusi.

Mzunguko nao wafanyieni hesabu ubaoni. Tuseme kiini chenye nusu kipenyo cha kilomita 1,200 kinazunguka mara moja kwa sekunde 300. Kikinywea hadi kilomita 12, nusu kipenyo kimepungua mara 100, kasi ya mzunguko inaongezeka 100 × 100. Sasa ni sekunde 0.03. Nyota ya nyutroni iliyo katika Nebula ya Kaa, wingu la gesi ambalo ni mabaki ya mlipuko ulioonekana mwaka 1054, huzunguka kwa sekunde 0.033.

Jabari_wa_Angani
Kuhusu eksirei, wanafunzi wameuliza penyewe. Nishati haitoki katika kuwaka, inatoka katika kuanguka. Cen X-3, mojawapo ya nyota za nyutroni ambazo Uhuru iliziona, katika kundinyota la Kantarusi, ina nyota jirani kubwa ambayo gesi yake inavutwa. Gesi hiyo hufikia karibu nusu ya kasi ya mwanga, hugonga kwenye ncha za sumaku na kupata joto la mamilioni ya digrii. Gesi yenye joto hilo hung'aa kwa eksirei. Kilo moja ikianguka hivyo hutoa nishati zaidi ya mara 10 ya kilo ya hidrojeni inayounganishwa kuwa heli.

Nyota ikizunguka, ncha hizo hutuelekea kwa zamu, kwa hiyo eksirei hutufikia kwa mapigo. Uhuru ilipima mapigo ya Cen X-3: moja kila sekunde 4.8. Kisha ikaonekana mapigo yanawahi na kuchelewa kwa mpangilio wa siku 2.1, na eksirei zinakatika pale nyota jirani inapopita mbele. Ndivyo ilivyojulikana kuwa ni nyota mbili.

Na kwa nini Ngomeni? Andikeni hili kwa herufi kubwa. Eksirei za angani hazipenyi angahewa, kwa hiyo lazima kipimo kiende juu. Ukirusha karibu na ikweta, mzunguko wa Dunia unaisukuma roketi bure, na setilaiti ikibaki juu ya ikweta inakwepa sehemu kubwa ya chembe za mionzi zinazovuruga vipimo.

Mlezi_Klabu_Malindi
Ahsanteni sana. Je, ule mfano kwamba kijiko cha chai cha nyota ya nyutroni kina tani bilioni 2 tuuweke?

Kaskazi
Uwekeni, hesabu ni sahihi, ila msiandike kwamba kijiko hicho kingetoboa ardhi na kuzama. Kikitolewa nje ya mgandamizo wa nyota kingelipuka papo hapo. Na nyutroni iliyo peke yake huoza, nusu yake huisha kwa dakika 10 hivi. Pia futeni "nyutroni tupu". Gamba la nje, unene wa kilomita moja hivi, lina viini vya atomu za chuma na elektroni, na ndani bado zimo protoni chache.