Wajukuu wa Barabara ya 12

Jumanne

[19:42] Mwanaidi: Assalaam alaykum jamani. PS2, ile mashine ya gemu, imewaka!! Ile ile aliyoleta mjomba. Nimefuta vumbi, nimepuliza lenzi, nikaweka ile gemu yetu ya mieleka, Here Comes the Pain. Imegoma mara mbili, ya tatu ikasoma.

[19:43] Mwanaidi: Idi pili, kwa bibi, mashindano. Kila mtu aseme anakuja au haji.

[19:45] Mwanaidi: Nataka vitu viwili. Pedi ya pili ya kuchezea (hii yangu kitufe cha R2 kimezama) na TV ya chogo, au kile kidude cha kuunganishia zile nyaya tatu. TV mpya ya bibi haina matundu ya njano, nyekundu na nyeupe.

[20:31] Rukia: Waalaykum salaam. Diski ya 2003 bado inasoma? Sahani zangu za harusi hazijafika hata nusu ya umri huo 😂

[20:32] Mwanaidi: Rukia, unakuja?

[20:50] Rukia: Pilau anapika nani

[20:51] Kassim: Hilo ndilo swali sasa

[20:58] Mwanaidi: Pilau baadaye jamani. Jana nimecheza mpaka saa nane usiku. Nilidhani itanichosha dakika kumi, maana nyuso zenyewe siku hizi unaziona kama vinyago. Lakini vidole havijasahau: R2 ukikamatwa, L2 ukipigwa. Mtu ukimwandama mguu mmoja, ule mchoro wa mwili unabadilika rangi mguuni mpaka unakuwa mwekundu, halafu unamkaba hapo hapo anasalimu amri. Wala hakuna mtangazaji wa kukupigia kelele. Yuke's wa Japani walioitengeneza waliijua kazi yao. Hii mpya ya wanangu nimeijaribu, sijaona raha hiyo.

[21:03] Kassim: Yule mwanamieleka Cena yupo na cheni yake?

[21:05] Mwanaidi: Yupo, yule wa kurap, hata ubingwa wa WWE hajaushika, ulikuja 2005. Mwanangu hakumtambua. Kwa Rey Mysterio ndiyo kashangaa kabisa, yeye anamjua Dominik. "Mama, kumbe baba yake alikuwa anaruka hivi!"

[21:07] Mwanaidi: Nilipofika kwa Eddie Guerrero nikashindwa kubonyeza, nikakaa tu namwangalia. Alifariki Novemba 2005 yule. Huyu alikuwa wa Hamisi, akimchagua mwingine ni ugomvi. Hamisi upo?

[21:40] Rukia: Mbuzi huku wamepanda bei, tuchange mapema

Jumatano

[06:12] Hamisi: Mimi sichezi. Sababu mnaijua.

[06:20] Kassim: Kabati 😂😂😂

[06:22] Hamisi: Kwenu kicheko. Nilichapwa kwa kabati ambalo sikulivunja. Mimi nilikuwa nimelala chini, ndiye niliyerukiwa hiyo Frog Splash, ile ruka ya Eddie.

[06:30] Mwanaidi: Hamisi mdogo wangu, hayo ya 2006. Njoo tu.

[06:31] Hamisi: Dada, wewe pedi ulikuwa nayo mkononi. Uliona. Ukanyamaza.

[09:15] Mwanaidi: Kweli, niliona. Nilikuwa kwenye kile kizimba cha watu sita, nimebaki na Goldberg tu, nikaogopa nikisema TV itazimwa. Nilikukosea.

[09:40] Kassim: Ulimshinda lakini?

[09:41] Mwanaidi: Kassim!!

[13:02] Bibi: 🎤 Ujumbe wa sauti (1:12)

[13:20] Salum Maskati: Niko kazini siwezi kusikiliza. Nani aniandikie

[13:34] Rukia: Anasema: "Kabati nilipewa na marehemu babu yenu, lakini kioo ni kioo tu. Kesho yake nilikuta soksi chini ya godoro, imejaa chembe za kioo, nikaifua mwenyewe. Soksi ya nani, mwenyewe anajijua. Hamisi nilikuwa nimeshamchapa, nikaona haya kurudi kumwambia. Hamisi mjukuu wangu, mimi bibi yako nilikukosea, nisamehe. Na mwenye soksi naye aseme. Asiposema, hiyo mieleka haiwashwi nyumbani kwangu."

[13:35] Rukia: Ndiyo hivyo.

[17:50] Hamisi: Shikamoo bibi. Mimi kwako sina kinyongo wallahi. Idi nakuja kukuamkia. Hiyo gemu sijui.

[17:58] Bibi: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:03)

[22:10] Shomari: *Ujumbe huu umefutwa*

[22:14] Shomari: Shikamoo bibi. Hamisi nitakupigia.

[22:15] Hamisi: Sema humu humu kaka. Mimi sikuchapwa kwa simu.

Alhamisi

[08:05] Kassim: Kile kidude kipo Kariakoo nimekiona. Ninunue?

[08:06] Mwanaidi: Subiri kwanza Kassim.

[08:07] Mwanaidi: Kaka Shomari?

[08:30] Rukia: Basi mniambie pilau ya kilo ngapi, mchele naenda kununua leo

[12:44] Mwanaidi: Weka tano. Kaka, tunakusubiri.

[19:20] Salum Maskati: Kuna jamaa anasafiri Jumatatu. Pedi nimpe au nisimpe?