Oksitosini kwenye ubongo hai wa panya: maikrodayalisisi au sensa ya mwanga?

Mwana_Chumbageni: Wakuu, hapa Tanga tunaandaa mradi wa kupima oksitosini (homoni inayosukuma maziwa yatoke) kwenye haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayoitengeneza, ya mama panya anaponyonyesha, akiwa macho. Vipimo vya damu tumeviacha, kwa sababu kiwango cha damu hakituambii kinachotoka ndani ya ubongo. Tushike njia ipi: maikrodayalisisi (probu yenye utando, inayopitishiwa maji ili inase molekuli za ubongo) au sensa (protini inayong'aa ikishika oksitosini)?

Raskazoni: Mama panya hutoa maziwa kwa mikupuo, kila dakika 5 hadi 10 hivi, na katika kila mkupuo seli za oksitosini hufyatuka kwa sekunde chache tu. Maikrodayalisisi ya maikrolita 1 kwa dakika hutaka nusu saa ili upate maikrolita 30 za kupima. Mikupuo kadhaa inachanganyika kwenye kichupa kimoja. Ukitaka kujua lini imetoka, chukua sensa.

BiMaabara: Ni kweli, ila dayalisisi inakupa molekuli yenyewe, sensa inakupa mwanga tu. Shida kubwa ni kunata: peptidi (mnyororo mfupi wa asidi amino, kama oksitosini) hushika kuta za mirija na vichupa, unapima sifuri ukadhani ubongo umekaa kimya. Weka albumini asilimia 0.2 kwenye maji ya kupitishia kama utapima kwa ELISA (kipimo cha kingamwili). Kwa masi spektrometa (mashine inayotambua molekuli kwa uzito wake) usiweke, itaziba ishara yote. Kabla ya upasuaji tumbukiza probu kwenye oksitosini ya kiwango unachokijua, nyuzi 37, uone asilimia ngapi inavuka. Asilimia hiyo isitumike kukokotoa kiwango halisi cha ubongo, kwani ndani ya tishu peptidi husafiri polepole zaidi. Utando wa matundu makubwa nao huvuja: pima uzito wa kila kichupa, miligramu 1 ni kama maikrolita 1. Na kwa joto letu la pwani, maji yaliyotoka kwenye friji yakipata joto hutoa viputo vinavyokwama kwenye utando. Yaache yafikie joto la chumba, uyaondolee hewa, ndipo ujaze sirinji.

Mkwakwani: Sensa za oksitosini zipo: MTRIA ya 2022, GRAB ya 2023. Dunga virusi vya AAV, vinavyobeba jeni ya sensa hadi kwenye seli, nanolita 300, kwa nanolita 50 kila dakika, na sindano isitolewe kabla ya dakika 10, la sivyo virusi vinapanda na njia ya sindano. Subiri wiki 3. Mwanga wa nanomita 470 wa kuamsha sensa, unaopita kwenye uzi wa kioo, uwe hafifu, maikrowati 20 hadi 30, maana ukizidisha sensa inafifia. Vasopresini inatofautiana na oksitosini kwa asidi amino 2 tu, hivyo hakikisha kwanza sensa yako haiishiki. Na lazima kundi jingine lipewe sensa iliyobadilishwa isishike homoni, ili ujue mwanga upi unatokana na mwendo wa mnyama tu. Virusi gawa vichupa vidogo vya kutumia mara moja. Umeme ukikatika friza ya nyuzi -80 isiachwe bila jenereta.

Mwana_Chumbageni: Na voltametria, yaani kupima molekuli kwa umeme wa elektrodi?

BiMaabara: Hapana, ndugu yangu. Elektrodi ya kaboni ingeona tirosini, asidi amino iliyomo kwenye oksitosini, na peptidi nyingine nyingi zinayo. Iache kwa dopamini.

Raskazoni: Basi sensa kwa kundi la kwanza, dayalisisi kwa jingine. Mwishoni kata ubongo wa kila panya: ambaye ncha ya probu au ya uzi wa kioo haikufika kwenye kiini kilicholengwa, aondolewe kwenye hesabu kabla hamjaangalia matokeo yake.