MREJESHO: Ile ndege ya kutua majini

Wakuu, niliwauliza Grumman Goose, ndege ya 1937 inayotua majini na nchi kavu, inarushwaje. Nimekutana na mzee mmoja hapa Capri Point, Mwanza, aliyewahi kuirusha kwa majaribio.

Kumbe magurudumu yanakunjwa kwa mkono: unazungusha mpini mpaka bega linauma! Ukiyasahau nje ukatua majini, ndege inapinduka. Vishikio vya nguvu ya injini viko darini, juu ya kichwa.

Anachohofia si mawimbi madogo, ni ziwa kutulia kama kioo. Jicho halipimi kimo, hivyo unashuka taratibu, injini ikivuta kidogo, mpaka maji yakupokee.

Na yule aliyebisha akisema ndege za maji hazijawahi kutua Ziwa Victoria: za Imperial Airways, shirika la ndege la Uingereza, zilitua Kisumu miaka ya 1930.