Msaada wa haraka: mtoto wa miaka 16 kakamatwa na simu ya wizi, tuanzie wapi?

Kibatari
Wakuu habari za usiku. Mdogo wangu ana miaka 16, kakamatwa leo jioni hapa Dar akiwa na kijana wa miaka 22. Wamekutwa na simu inayosemekana ni ya wizi. Wamewekwa selo moja. Mpelelezi anataka kuandika maelezo yake, na kuna mtu anasema tuandae laki mbili ya dhamana. Cheti cha kuzaliwa hana. Tunaanzia wapi?

Pembe_la_Haki
Mkuu, anza na umri, mengine yanafuata hapo. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Lakini akishaandikwa 19 kwenye kitabu cha kituo ataendelea kuwa mtu mzima mpaka mtu apinge. Na wapo vijana wanaojiongezea umri wenyewe ili wazazi wasiitwe. Kama cheti cha RITA hakuna, tafuta tangazo la kizazi, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, au barua ya mwalimu mkuu yenye tarehe ya kuzaliwa iliyoko kwenye rejista. Wape kopi, halisi baki nazo. Muone mkuu wa kituo mwenyewe, umwambie huyu ni mtoto na atenganishwe na watu wazima. Ni takwa la sheria, si hisani.

Dhamana ya polisi hailipiwi. Nenda na mdhamini mwenye kitambulisho cha NIDA na barua ya serikali ya mtaa. Halafu uliza kosa lililoandikwa, kwa jina lake. Mtoto anaweza kunyimwa dhamana ya kituo kama ni mauaji au kosa ambalo kifungo chake kinazidi miaka 7, au wakiona kumwachia kutavuruga haki. Wizi wa kawaida ni miaka 7, haujazidi. Kupokea mali ya wizi ni 10. Unyang'anyi wa kutumia silaha ni 30. Simu ni ileile, kosa linaloandikwa kwenye karatasi ndilo linalobadilika.

Mama_Tausi
Hayo maelezo ya mpelelezi, yanaitwa maelezo ya onyo, asiandike peke yake. Mzazi, mlezi, wakili au afisa ustawi wa jamii awepo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inawapa polisi saa 4 za mahojiano tangu mtu awe chini ya ulinzi, wakitaka zaidi waombe nyongeza. Andikeni saa aliyokamatwa na saa aliyoanza kuhojiwa, maana maelezo mengi yametupwa na Mahakama ya Rufani kwa kuandikwa nje ya muda. Asisaini asichosomewa. Mkishuku kapigwa, ombeni PF3, ile fomu ya polisi ya kupimwa hospitali, usiku huuhuu kabla alama hazijafutika.

Jiwe_Gumu
Mwacheni alale huko wiki moja ashike adabu. Au akiri tu yaishe.

Pembe_la_Haki
Jiwe_Gumu, wiki haipo. Asipopewa dhamana afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au mapema inavyowezekana. Na "kiri yaishe" ndiyo inayowaponza watu: ukikiri kosa, rufaa unayobaki nayo ni ya adhabu tu, ya hatia imekwenda.

Karani_Mstaafu
Ikifika mahakamani, kesi yake isikilizwe Mahakama ya Watoto, Dar iko Kisutu. Milango inafungwa, mzazi au mlezi anakuwepo, afisa ustawi naye, na taratibu si za mabishano kama za wakubwa. Mauaji pekee ndiyo yanakwenda Mahakama Kuu. Akinyimwa dhamana anapelekwa mahabusu ya watoto, si gereza. Huyo wa miaka 22 akiunganishwa kwenye hati moja naye, wakili aliseme hilo siku ya kwanza, msingoje.

Kifungu cha 119 cha sheria ile ya 2009 kinakataza kumhukumu mtoto kifungo. Hakimu anaweza kumwachia kwa masharti, kuamuru fidia, kumweka chini ya uangalizi, au kumpeleka Shule ya Maadilisho Irambo, Mbeya. Afisa ustawi huandika taarifa ya familia na shule, na hakimu huisoma kwa makini, kwa hiyo msimkwepe afisa huyo akija nyumbani. Kama hamna hela ya wakili, ulizeni msaada wa kisheria uliowekwa na sheria ya 2017. Na picha yake msiweke status, kumtangaza mtoto mwenye kesi ni kosa.

Kibatari
Asanteni sana. Kadi ya kliniki imepatikana, ila jina la kwanza ni tofauti na la shuleni.

Mama_Tausi
Ipeleke hivyohivyo usiku huu, tarehe ndiyo inayotakiwa. Kesho mama yake aende kwa wakili akaape kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtoto mmoja, na kadi iambatanishwe humo.