Mjadala: Fedha za studio ya mtaa ziende kwa amplifaya ya hedifoni, au kwa hedifoni zenyewe?

Mwendeshaji: Wadau, chukulieni studio ya vijana hapa Nairobi inayopata vifaa kwa fedha za umma au za michango. Ina intafesi moja (kisanduku kinachounganisha maikrofoni na kompyuta) yenye tundu moja la hedifoni. Kwenye tundu hilo kuna splita (kigawanyaji cha kuchomeka hedifoni kadhaa pamoja), na kwenye splita kuna Audio-Technica ATH-M50x mbili (omu 38; omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), Beyerdynamic DT 770 Pro moja (omu 250) na erifoni za kuingiza sikioni. Anayevaa Beyerdynamic kila mara analalamika kwamba hasikii. Bajeti inatosha kitu kimoja: amplifaya ya njia nne, yenye kitufe cha sauti kwa kila hedifoni, au hedifoni mpya zinazofanana. Tununue kipi?

Fundi_Luthuli: Amplifaya. Splita haiongezi nguvu, inagawa tu. Hedifoni nne za omu 32 zikiunganishwa sambamba zinakuwa mzigo wa omu 8, na tundu la intafesi halikutengenezwa kwa mzigo huo. Besi inalegea, sauti inakwaruza mapema, kisha watu wanaanza kulaumu maikrofoni.

SautiKayole: Fundi, heshima zako, lakini tupige hesabu kabla ya kutoa pesa. DT 770 inatoa desibeli 96 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa miliwati 1 ya umeme, M50x inatoa 99. Splita inazipa zote volti ileile. Kwa volti 1, M50x inapata miliwati 26 na kufika takriban desibeli 113. Ile ya omu 250 inapata miliwati 4 tu na kuishia 102. Pengo ni desibeli 11, na halikuletwa na upungufu wa nguvu. Limeletwa na kuchanganya hedifoni zisizolingana. Weka DT 770 za omu 80 kwa wote, au M50x kwa wote, na pengo litaisha.

Watu wanasoma omu peke yake na kudhani ndiyo kipimo cha ugumu. Sivyo. DT 770 ya omu 250 inahitaji volti 2.5 kufika desibeli 110, lakini mkondo wake ni miliampia 10 tu. Hedifoni ya HiFiMan HE6 ina omu 50, ungedhani ni nyepesi, kumbe inatoa desibeli 83.5 tu kwa miliwati 1. Kufika 110 inataka karibu volti 4.7 na miliampia 95. Hiyo ndiyo inayodai amplifaya ya mezani yenye misuli. M50x inafika hapo kwa volti 0.7, na adapta nzuri ya kuunganisha hedifoni na simu, yenye volti 1, inaiweza.

Fundi_Luthuli: Hesabu yako ni sahihi, ila umeruka impidensi (ukinzani kwa umeme wa sauti, nao hupimwa kwa omu) ya tundu lenyewe. Tundu likiwa na omu 10, na erifoni yenye spika kadhaa ndani ikawa inapanda kutoka omu 8 hadi 40 kutegemea noti, sauti yake inapinda kwa takriban desibeli 5. Mwimbaji anasikia sauti tofauti na iliyorekodiwa. Tundu la omu 1 linapinda chini ya desibeli 1. Kanuni ya mafundi ni kwamba impidensi ya tundu isizidi sehemu moja ya nane ya impidensi ya hedifoni. Kwa hedifoni za planari (zenye utando bapa badala ya koni) kama HE6 kasoro hii haionekani sana, kwa sababu impidensi yao haibadilikibadiliki.

Pimeni wenyewe kabla ya kununua chochote. Chezesha toni ya hezi 100, chomoa hedifoni zote, pandisha sauti hadi mita ya umeme isome volti 1 ya AC (mkondo geu) kwenye tundu. Kisha weka rezista (kipande cha kuzuia umeme) ya omu 33 kati ya ncha ya jeki na shina lake, usome tena. Ikishuka hadi 0.77, gawanya 1 kwa 0.77, toa 1, zidisha kwa 33. Utapata karibu omu 10. Angalizo: zile mita za manjano za bei ndogo huanzia volti 200 upande wa AC, hazifai kwa kazi hii. Tafuta yenye skeli ya volti 2.

DadaWaMikisa: Nyote mnaongea volti na mnasahau masikio ya hao vijana. Mwenye Beyerdynamic akiomba aongezewe, wenye M50x wanapigwa na zile desibeli 11 bila kuulizwa. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu. Ukifika 89 umebaki na saa 5 kwa wiki nzima, na kipindi kimoja cha kurekodi kinaweza kuzimaliza. Hata hedifoni zikifanana, masikio hayafanani. Mpiga ngoma anataka sauti kubwa, mwimbaji ndogo. Kila mtu awe na kitufe chake, na splita haina. Hapo nasimama na Fundi.

Na tafadhali, asije mtu akapendekeza hedifoni ya Sennheiser HD 650 kwa kurekodi. Ni nzuri mno kwa kuchanganya, lakini iko wazi nyuma. Mdundo utavuja hadi kwenye maikrofoni.

WayaDonholm: Mkinunua amplifaya, angalieni umeme wake. Baadhi ya zinazotoka Marekani, kama Magni ya kampuni ya Schiit, hutumia transfoma ya nje inayotoa AC. Ile ya volti 120 ukiichomeka kwenye 240 yetu inaungua. Tena usiibadilishe kwa chaja ya DC (mkondo mnyoofu) yenye volti sawa: saketi inahitaji pande zote mbili za wimbi ili ipate volti chanya na hasi. Tafuteni transfoma ya AC ya 240.

Toeni sauti kwenye matundu ya laini ya intafesi (ya kupeleka sauti kwenye vifaa vingine), kwa waya wa balansi (unaobeba sauti pamoja na nakala yake iliyogeuzwa) ikiwa amplifaya inaupokea. Msichomeke hedifoni moja kwa moja kwenye tundu la balansi: sikio moja litapata wimbi lililogeuzwa na sauti ya mwimbaji itakuwa tupu katikati. Mkisikia mngurumo laptopu ikiwa kwenye chaja, chomekeni vyote kwenye ekstensheni moja. Pini ya ardhi isikatwe kamwe.

Fundi_Luthuli: Naongezea kwa wenye erifoni. Amplifaya ya mezani itawapa mchakacho hata muziki ukiwa kimya. Kwa kila upande, tia rezista ya omu 10 kwenye njia ya sauti, kisha ya omu 1 kutoka hapo hadi shina, zote za nusu wati. Sauti na mchakacho vinashuka karibu desibeli 21, na erifoni inaona chanzo cha chini ya omu 1.

SautiKayole: Dada, hoja ya vitufe nimeikubali, sina jibu lake. Lakini amplifaya ya njia nne iwe na omu za matundu yake zilizoandikwa na mtengenezaji. Kama hazikuandikwa, muuzaji aruhusu ipimwe kwa njia ya Fundi kabla ya kulipwa. Akikataa, bado nachagua DT 770 za omu 80, mbili kwa sasa, na splita ibaki na hizo mbili tu.

DadaWaMikisa: Mbili bila vitufe? Hapo hatujakubaliana.