Virusi havitoki kwenye laptopi ya nyumbani: Malwarebytes, Defender au nipige window upya?

BabaPacha
Wakuu habari za jioni. Laptopi ya nyumbani imeingiwa na virusi, matangazo ya kamari yanaibuka pembeni hata kama hakuna aliyegusa kitu, na nikitafuta kitu Google napelekwa kwingine kabisa. Nafuta jioni, asubuhi nikiwasha vimerudi. Mmoja kaniambia nilipie Malwarebytes, programu ya kusafisha virusi, mwingine anasema Defender inayokuja na window yenyewe inatosha, fundi wa hapa mtaani anataka 25,000 apige window upya. Nishaurini, kesho nampelekea.

KambaNyeusi
Mkuu hujasema window ya ngapi, umeskani na nini, kuna kraki humo, yaani programu ya kulipia iliyofunguliwa kijanja bila kulipa? Na mafaili yenu muhimu yako wapi?

BabaPacha
Window 10. Kuskani bado, nilifuta tu programu nisizozijua. Office ni ya kraki, niliwekewa dukani. Kuna picha za watoto tangu wazaliwe na tasnifu ya mama yao, vyote viko D, ile sehemu ya pili ya diski.

Mdau_Temeke
Usilipe chochote. Malwarebytes ya bure inaskani na kusafisha, ya kulipia ni ya kulinda muda wote. Halafu hayo matangazo ya pembeni mara nyingi sio virusi, kuna mtu alibonyeza "Ruhusu" kwenye tovuti fulani. Ingia mipangilio ya Chrome, sehemu ya arifa, ondoa tovuti zote usizozijua. Za Google kukuhamisha angalia ekstensheni, vile viprogramu vinavyoongezwa kwenye Chrome, hiyo ikishaingia kwenye akaunti yako hata upige window mara kumi, ukilogin tu inarudi nayo.

KambaNyeusi
Anza na Defender Offline. Inazima mashine, inaiwasha upya na kuskani kabla Windows haijaamka, kwa hiyo kirusi hakipati nafasi ya kujificha. Kama dakika 15 tu. Na hiyo kraki itoe, utasafisha kila wiki ikibaki.

Zuhura_wa_Pwani
Kaka nakuomba usimpe fundi hiyo mashine kabla hujatoa picha. Mimi nilimpa, nikamuuliza mara mbili D itabaki? akasema itabaki dada usiwe na wasiwasi, jioni nafuata laptopi inang'aa, nafungua hakuna D, kaunganisha zote. Picha za Idi ya mwisho ya baba zilikuwa humo. Nikampelekea mwingine arudishe, akarudisha nusu, hazina majina na nyingi hazifunguki, nyingine nusu picha nusu kijivu. Mpaka leo mama akiniuliza nazunguka maneno.

Mdau_Temeke
Pole sana dada.

BabaPacha
Duh pole. Basi nihamishie kwenye flashi usiku huu?

ChuoKikuu_IT
Usichomeke flashi Windows ikiwa imewaka! Vipo virusi vinavyoficha mafaili kwenye flashi na kukuachia shotikati, ukiibonyeza umekihamishia na mashine nyingine. Chukua Linux Mint, mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows, iwashe kutoka kwenye flashi bila kuinstoli, nakili picha ukiwa humo. Ukizoea baki nayo, virusi utavisahau.

KambaNyeusi
Mwenzio ana familia na tasnifu ya Word, unamwambia Linux.

ChuoKikuu_IT
LibreOffice, ofisi ya bure, inafungua mafaili ya Word. Na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, sasa apige window hiyo hiyo ya nini?

KambaNyeusi
Walitoa nyongeza ya mwaka mmoja ya masasisho ya usalama, ajisajili. Windows 11 inataka TPM 2.0, chipu ya usalama ndani ya mashine, mashine nyingi za mtumba hazina.

Mzee_wa_Kaspersky
Wekeni antivirusi ya Kaspersky mmalize.

Mdau_Temeke
Marekani walipiga marufuku isiuzwe kwao 2024, mzee.

Mzee_wa_Kaspersky
Sisi tuko Marekani? Miaka yote haijawahi kuniangusha.

Zuhura_wa_Pwani
BabaPacha kama unaingia benki kwa hiyo laptopi, badilisha paswedi leo, ila kwa simu.

BabaPacha
Nimebadilisha dada, asante. Nimefuta arifa, matangazo yametulia ila Google bado inahama. Ngoja niskani Offline. ChuoKikuu, hiyo Mint ni GB ngapi? Bando limebaki GB 2.

ChuoKikuu_IT
Haitoshi. Uko wapi nikuwekee Mint kwenye flashi?