Pedali ya breki ngumu kama jiwe

Muulizaji: Jamani, jana nikishuka kutoka Mukono pedali iligoma kuzama. Gari lilisimama, lakini mguu mpaka sasa unauma. Oili ya breki ipo, pedi mpya. Fundi anataka nibadilishe busta, kile chombo kinachousaidia mguu kukanyaga breki.

Jibu: Tulia, ndugu. Zima injini, kanyaga mara tano, ikikaza usiachie, washa. Ikizama kidogo, busta inavuta. Isipozama, kagua bomba la mpira linaloleta mvuto wa hewa kwenye busta kutoka manifoldi (njia ya hewa ya kuingia kwenye injini), na valvu yake ya njia moja.

Jibu: Sikiliza pia kama kuna “sss”. Mpira wangu ulipasuka chini ya kibano, hauonekani.

Muulizaji: Haikuzama! Ufa upo palepale kwenye kibano, ukucha unaingia. Nimenunua mpira Kisekka, soko la vipuri Kampala, ule mgumu wa vakyumu (mvuto wa hewa), si wa maji. Sasa pedali laini. Fundi hapokei simu, ssebo (bwana).